Uwele Nilioumwaga Juu ya Jiwe

Jumapili, tarehe 14 Januari. Asubuhi jua kali, mchana mawingu mazito upande wa mashariki, na tangu saa tisa upepo haujatulia. Mvua bado.

Nimekaa niandike kwa sababu kila kazi niliyoishika leo nimeiacha katikati. Nimefagia nusu ya uwanja. Nimeloweka nguo nikazisahau. Sijui kuandika vizuri, niliishia darasa la saba, na daftari hili nilianza kuandikia siku za kupanda na siku ng'ombe alipozaa, basi. Lakini wiki hii nimefanya jambo moja la kijinga, na jingine ambalo sijajua kama ni la kijinga au la, na nikiyaacha kichwani yatabadilika. Najijua. Baada ya mwezi mmoja nitakuwa nimeshajitengenezea sura nzuri.

Dhoruba ilitupiga Alhamisi ya tarehe nne, saa kumi jioni. Ulianza upepo, ikafuata mvua ya mawe, kisha maji tu kama yanamwagwa kwa ndoo mpaka magharibi. Upande wetu huu wa Kinyangiri wazee wengi bado wanakaa kwenye tembe, kuta za miti na udongo na juu paa bapa la udongo linalobebwa na magogo. Ni nyumba nzuri, joto haliingii. Ila udongo wa paa ukishiba maji unakuwa mzito kuliko nguvu ya magogo. Tembe nyingine zilianguka jioni ile, nyingine kesho yake jua likiwa limeshatoka na wenyewe wakidhani zimepona. Nyumba za bati nazo zilivuliwa bati. Yetu ilipoteza mawili, mume wangu akayakuta shambani akayarudisha. Hakufa mtu. Nilikuwa nalisema hilo kila ninapokwenda, kama shukrani, na ni kweli. Lakini nimeacha kulisema mbele ya mtu aliyeangukiwa na nyumba, maana kwake linasikika kama namwambia anyamaze.

Waliokosa pa kulala walipelekwa shuleni, watoto wakiwa bado likizo. Kijiji kikaunda kamati, na mimi nikaingizwa humo kwa sababu ninaimba kwaya. Walisema nina sauti ya kufariji. Alikuja binti mmoja kutoka wilayani, akatukalisha kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yanagusa kidevu, akatufundisha namna ya kukaa na mtu aliyepatwa na janga. Msikilize. Usimpe ushauri hajauomba. Usimfanyie kitu ambacho anaweza kujifanyia. Niliyaandika yote, yako kurasa mbili nyuma ya hii, na hilo la mwisho nimelipigia mstari chini.

Mtu wa kwanza niliyekwenda kumfariji alikuwa fundi cherehani, ambaye ukuta uliangukia cherehani yake. Nilikaa naye kwenye gogo nikanyamaza kama tulivyofundishwa. Nilinyamaza sana. Mwishowe akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikasema hapana, nimekuja kukupa pole. Akasema, "Basi nipe, ili nirudi kuchimbua."

Bibi ninayetaka kumwandika ni jirani yetu wa ng'ambo ya korongo. Kwa ukoo ni shangazi wa mume wangu, lakini mimi namwita bibi kama watoto wanavyomwita. Ni mjane, anakaa peke yake na mbuzi watatu. Tembe yake ilianguka yeye akiwa nje anawahangaikia hao mbuzi. Alilala shuleni na wengine mpaka Jumapili ya tarehe saba, kisha akaja kwetu, kwa sababu kesho yake shule ilikuwa inafunguliwa na madarasa yanatakiwa.

Ana mtoto mmoja wa kiume, yuko Manyoni, fundi pikipiki. Jioni hiyo hiyo alipiga simu kwa mume wangu akasema Jumamosi anakuja kumchukua mama yake akakae naye moja kwa moja. Hapa nataka niwe mkweli kwa kijana huyo, maana katika maneno ya watu wiki hii amesemwa kama mtu anayekuja kuteka. Sivyo. Ana chumba chenye sakafu ya saruji kinachomngoja mama yake, amekiwekea kitanda. Aliposikia tembe imeanguka aliacha pikipiki za watu wazi, akapiga simu mpaka salio likaisha. Mtoto anayemwacha mama wa umri ule chini ya magogo ndiye tungemsema, siyo huyu.

Lakini bibi hataki. Alimwambia mume wangu ampe simu, akaishika kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya korongo, "Mwanangu, ukinikuta Jumamosi nina pa kulala pangu, utaniacha. Ukinikuta kwa watu, nitapanda gari." Kijana akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu alijua siku sita hazitoshi.

Nikamuuliza bibi Manyoni kuna ubaya gani. Akasema, "Hakuna ubaya. Kule mimi ni mgeni tu. Nakaa kwenye kochi nangoja kuitwa kula. Mke wake hajanisonya hata siku moja. Angenisonya ningejua niko nyumbani." Kisha akasema mtama wake shambani umefika usawa wa kifundo cha mguu, na palizi haimsubiri mtu.

Mtu wa mbali angeona ni jambo jepesi. Kamati inatoa turubai, magogo ya nyumba ya zamani yapo, udongo upo umelowa tayari, wanaume wapo. Lakini hapa kwetu mtu hajengewi kwa kuomba. Anaita kazi. Anazunguka mwenyewe kwa majirani anataja siku, na siku hiyo wanamkuta ameandaa kinywaji, pombe kwa wanaokunywa, togwa kwa wengine. Ukishakunywa umeingia kazini. Hakuna anayeangalia nani amefanya kiasi gani. Ila kinywaji kitoke mkononi mwa mwenye kazi. Bila hicho unakuwa unasumbua watu tu, na bibi amewaita watu kazi tangu kabla sijaolewa hapa, hajui kusumbua.

Mwenyekiti alisema atatangaza iwe kazi ya kijiji, kila kaya itoe mtu, chumba cha bibi kiishe siku moja. Bibi akamshukuru vizuri. Alipoondoka akaniambia, "Hiyo ni kazi ya mwenyekiti. Itakuwa nyumba ya mwenyekiti, mimi nimo ndani."

Nikasema basi mimi nitapika togwa jikoni kwangu.

"Nani ataita?"

"Wewe, bibi. Mimi napika tu."

"Nikiita kwa kinywaji chako, watakuja kujenga banda la mgeni wako."

Nikasema tumepewa unga wa msaada. Akasema unga wa msaada mtu ale mwenyewe na ashukuru, si kuwagawia watu aonekane ana kitu. Nikakumbuka usimpe ushauri hajauomba, na nilikuwa nimeshautoa mara tatu.

Jumatatu asubuhi bibi alikwenda ofisi ya kijiji kupanga foleni ya turubai. Mimi nikachukua jembe nikavuka korongo. Niliwaza, yeye kila asubuhi anakwenda pale kwenye kifusi peke yake, anakaa, anarudi kimya, macho yamemwiva. Nikajiambia anakwenda kulia. Nikipasafisha, nikiondoa vile vitu vilivyooza, atakuwa na pa kuanzia. Niliona ni wazo zuri sana. Nimejaribu kukumbuka kama kulikuwa na sauti yoyote ndani yangu iliyokataa, na haikuwepo.

Nilifanya kazi mpaka saa saba. Nilitoa magogo niliyoyaweza, sufuria, jiwe la kusagia ambalo halikuwa na hata mkwaruzo. Kwenye pembe ya nyuma, chini ya kipande cha paa kilichobaki kimeegama, nikakuta kilindo, lile pipa la gome la mti la kuwekea nafaka. Ndani kulikuwa na uwele, zaidi ya debe mbili. Ulikuwa umelowa, umevimba na kuota, kila punje na mkia mweupe, imeshikana kama mkeka. Ilitoka harufu tamutamu. Ijumaa bwana afya alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akisema chakula chochote kilicholoa kitupwe, watu wasije wakaharisha juu ya matatizo waliyonayo. Nikaubeba uwele kwa beseni, safari tatu, nikaumwaga juu ya jiwe kubwa bapa nyuma ya nyumba ili angalau kuku wale. Wakaja kuku wa jirani. Wakaja na mbuzi.

Bibi aliporudi na turubai lake kichwani nilikuwa nimekaa kwenye gogo nasubiri kusifiwa. Ndiyo, nilikuwa nasubiri kusifiwa.

"Shikamoo bibi. Nimekusafishia."

"Marahaba. Ahsante mwanangu." Akatua turubai. Akaangalia huku na huku, akaenda mpaka kwenye ile pembe. "Uwele wangu uko wapi?"

"Uliharibika bibi. Ulikuwa umeota wote, mikia mirefu hivi."

"Mikia ya urefu gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Basi ulikuwa tayari," akasema. "Nilikuwa nije niuanike kesho."

Hapo ndipo nilipoelewa. Uwele ulioota ndio kimea. Kila mwanamke wa hapa anajua, mimi pia najua, mama yangu alikuwa anaotesha nyuma ya mlango. Bibi alipoona maji yameingia kwenye kilindo hakulia. Alisema moyoni basi kiote. Kila asubuhi alikuwa anakwenda kukigeuza kwa mkono na kukinyunyizia maji kisikauke kabla ya wakati, na macho yalimwiva kwa moshi wa majiko ya pale shuleni. Hicho ndicho kilichokuwa kinywaji chake. Ndiyo maana hakuhangaika na unga wa msaada wala na togwa yangu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa anaokota gome lililopasuka, hakunitazama. "Wewe ni mtu wa kanisa. Nipo nyumbani kwako. Nilitaka nikioteshee hukuhuku, nisikuletee harufu ndani."

Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Kanisani kwetu hatunywi, na mimi nikiona kimea naona pombe. Nimejiuliza mara nyingi: uwele ule niliumwaga kwa sababu ya bwana afya, au kwa sababu niliijua ile harufu na sikutaka kuijua? Nikijitetea nasema bwana afya. Lakini mahindi yangu mwenyewe yaliyoloa nilikuwa nimeyaanika, sikuyatupa. Hilo sikulifikiria nilipokuwa nimebeba beseni. Nalifikiria sasa.

Bibi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alichukua ungo akaenda kwenye jiwe, akawafukuza mbuzi, akapiga magoti akaanza kuokota. Nikapiga magoti upande wa pili. Kuku walikuwa wamekula katikati, mbuzi wamekula pembeni, kilichobaki kilikuwa kimesambaa kwenye nyufa za jiwe, na kingine kimeanguka kwenye nyasi. Tuliacha cha nyasini na kile mbuzi walichokojolea.

Jirani mwenye kuku akaja kuangalia tunafanya nini. Akaelezwa. Akashika kiuno.

"Kwa hiyo kuku wangu wamekula kazi ya bibi."

"Wamekula," bibi akasema.

"Basi Jumamosi nitawaleta wabebe udongo."

Bibi akacheka. Nami nikacheka, nikaona aibu kucheka, nikainamia nyufa. Yule jirani hakuondoka, alipiga magoti naye. Alisema uwele wake pia umelowa na kuota, nao ameutupa kama alivyoambiwa, kwenye shimo la taka, hata hauokoteki tena. "Nilisema nimetii. Sikuwaza kabisa."

Mpaka jua linapungua tulikuwa na beseni moja, halikujaa. Tukaosha kwa maji ya visima mara tatu. Bibi akachota kwa kiganja, akanusa, akauma punje moja kwa meno ya mbele.

"Pombe hapa hakuna," akasema. "Togwa itatosha."

Mtu asiyejua ashike hili: kimea kidogo kinaweza kulainisha uji mwingi. Uji ukiwa mzito kama ugali laini, ukipoa kidogo ukatia kimea, unayeyuka wenyewe na kuwa mtamu. Pombe ndiyo inayokula kimea. Kwa hiyo mimi, mtu wa kwaya, nilikuwa nimeamua kwa ujinga wangu kwamba watu watakunywa togwa. Siwezi kusema Mungu aliusaidia ujinga wangu. Wala siwezi kusema sikufurahi kidogo. Niliuliza kuhusu unga wa uji, naye bibi akasema, "Unga nitatumia wa msaada. Kimea ni changu, kinatosha kukaa juu yake." Sikuielewa hesabu hiyo sawasawa lakini sikubishana.

Jumanne nikamfuata bwana afya, nikamwambia tumeokota nafaka iliyoloa tunataka kuwapa watu. Ni kijana mpole, alikuwa amechoka, viatu vyake ni tope tupu. Akauliza ilikuwa na ukungu? Nikasema hapana. Rangi nyeusi, ya kijani? Hapana. Mmeiosha? Mara tatu. Akasema, "Mama, mimi nilisema chakula kilichoharibika. Kimea sijakikataza, hata mama yangu anatengeneza. Kianikeni kikauke kabisa, mikia ipepetwe itoke, na uji uchemke sana." Basi. Angeweza kusema hivyo Ijumaa. Lakini Ijumaa alikuwa na nyumba zote za kijiji na siku moja, na mimi pia ningeweza kumuuliza.

Siku tatu kimea kilianikwa kwenye mkeka uwanjani kwangu, na mimi nikakaa na fimbo. Mume wangu akipita ananiuliza kama askari wa kuku analipwa. Jumatano akapita mzee mmoja wa kanisa letu, akasimama, akauliza hiki ni nini.

"Kimea. Cha bibi."

Akasema sawa, akaendelea na njia. Alipofika kwenye mti wa pembeni nikamwita, nikamwambia, "Mzee, ni cha kwetu wote wawili. Nakilinda mimi." Akasema, "Sikuuliza, dada." Labda haikuhitajika. Lakini nilikuwa nimemkana bibi akiwa jikoni ananisikia.

Alhamisi bibi alichukua fimbo yake akazunguka. Nilitaka kwenda naye kwa sababu ya utelezi, akakataa. Mume wangu alimsikia kwa fundi cherehani. Anasema alisimama mlangoni, au pale mlango ulipokuwa, akasalimiwa shikamoo na kila mtu, kisha akasema tu, "Jumamosi nina kazi." Fundi cherehani akasema, "Una kazi, bibi?" kama mtu aliyeambiwa kuna harusi. Akasema atakuja.

Ijumaa tukapepeta, bibi akasaga kimea kwenye lile jiwe lake nililolifukua, mimi nikapika uji kwenye pipa nusu. Mikono yake ndiyo iliyotia kimea. Alinifukuza karibu na chombo, akasema wengine mikono yao ni moto, inaharibu. Nadhani ilikuwa njia yake ya kunigombeza, na nilishukuru.

Jana, Jumamosi, walikuja watu zaidi ya tuliowategemea, wakiwemo walioangukiwa na nyumba zao wenyewe. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni pa kifusi, kibuyu mkononi, kila anayefika anampa kikombe yeye mwenyewe. Sijamwona hivyo tangu tarehe nne. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Wanaume wakachimba mashimo, wakasimamisha magogo ya zamani, chumba kimoja tu, hatua tano kwa nne. Wanawake tukakanyaga udongo. Yule jirani alifika bila kuku, akasema wameomba ruhusa, wanaumwa kichwa.

Saa sita kijana wa Manyoni akashuka kwenye bodaboda, shati la kola, suruali ya kwendea mjini, begi la kubebea vitu vya mama yake. Lilikuwa tupu. Kila mtu akaendelea na kazi yake huku akimtazama. Akamwendea mama yake, "Shikamoo mama." "Marahaba, umefika." Kabla hajasema jingine akawa ameshapewa kikombe. Alikuwa ametoka mbali na jua lilikuwa kali. Akanywa chote.

Aliyekuwa juu ya magogo akasema, "Ndugu, umekunywa."

"Nimekunywa nini?"

"Kinywaji cha kazi. Vua viatu."

Watu wakaangua kicheko. Kijana akaangalia kikombe, akamwangalia mama yake, ambaye alikuwa anamchotea mtu mwingine, hana habari. Alivua viatu akavipanga juu ya begi. Akakunja suruali. Akafanya kazi vizuri, sina la kumsema, mpaka saa kumi na moja, na udongo wa juu ya turubai ndiye aliyeusambaza kwa makini kuliko wote, akapanga na mawe pembeni upepo usipate pa kushika.

Watu walipoondoka alinifuata nikiwa naosha miguu. "Mama, wewe umekaa naye wiki nzima. Niambie ukweli. Ikija nyingine kama ile, chumba hiki kitasimama?"

Niliogopa swali hilo tangu asubuhi. Ningesema ndiyo angemwacha, ningesema hapana angemchukua, na bibi asingejua kwamba ni mimi.

"Kama ile, hapana," nikasema. "Sikudanganyi. Na kwako atakula vizuri kuliko hapa."

"Kwa hiyo nimchukue."

"Sijasema hivyo. Wiki hii nilimsaidia nikamharibia kinywaji chake, akakiokota juu ya jiwe punje kwa punje ili leo akupe hicho kikombe. Nimekuambia vyote viwili. Zaidi ya hapo sijui."

"Hujui," akarudia.

"Sijui."

Alikwangua udongo kwenye kiwiko. Kisha akaenda kwa mama yake. Walizungumza Kinyiramba, chini chini, na sikusogea karibu. Mwishoni bibi akapaza sauti akasema kwa Kiswahili, nadhani ili tusikie wote, "Niache nipalilie. Nikishavuna uje uniulize tena." Kijana akasema sawa, kwa sharti: mawingu yakikusanyika alale kwetu, kwenye bati. Akanigeukia. "Mama, utakwenda kumchukua?" Nikasema nitakwenda. Bibi akasema, "Tutaona."

Jana walilala kwetu wote wawili, kuta zikiwa mbichi. Leo alfajiri kijana ameondoka na begi lake, ndani mama yake amemwekea kibuyu cha togwa. Bibi amevuka korongo na moto wake kwenye kigae, amekaa kwake kutwa. Jumatano fundi cherehani ameita kazi. Yule jirani naye ameomba kimea kilichobaki, aanze na hicho wakati anaotesha chake upya.

Na mimi leo kutwa natoka nje naangalia mashariki. Mume wangu ameniambia hata nikiyakodolea macho mawingu hayarudi yalikotoka. Saa kumi na mbili nimechukua khanga nikaenda korongoni, najipanga niseme nini. Nikimlazimisha nitakuwa yule wa Jumatatu mwenye beseni. Nikimwacha nitakuwa nimemdanganya kijana. Niliposhuka nusu ya mteremko nikamwona anapanda, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine ameshika chungu kimefunikwa kwa jani.

"Shikamoo bibi. Nilikuwa nakuja."

"Marahaba. Nimekuja kulala tu," akasema. "Mboga nimeshapika kwangu."

Sijui kama aliyaogopa mawingu au alinionea huruma. Sikumuuliza. Nilitaka kumpokea chungu, akakihamishia mkono wa pili.

Tumekula ugali wa uwele, mlenda wa bibi, na maziwa ya mgando ya asubuhi.